Sitara ya Mwoshaji wa Nandagala

Watu wa Nandagala wakimtaja hushusha sauti. Mimi nikimtaja huipandisha. Amekwisha kufa, Mungu amrehemu, na nasema Mungu amrehemu kwa moyo safi, kisha dakika hiyohiyo nasikia hasira inanipanda. Sijamsamehe sawasawa, wala sijaacha kumwombea. Anayesema mambo haya mawili hayakai katika kifua kimoja hakumjua mwoshaji wetu.

Alikuwa mwoshaji wa maiti za wanawake. Nilipopelekwa kufundisha shule ya msingi pale Nandagala, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilimkuta ameishika kazi hiyo siku nyingi, na nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya shamba langu la mihogo. Alikuwa mfupi, mguu mmoja mzito kidogo, mikono mikubwa kuliko mwili wake. Mavazi yake yalikuwa ya mtu anayekwenda harusini: khanga nyekundu, za kijani, za njano kali. Wanawake walimwambia kwamba kazi yake inataka nguo za heshima, nyeusi au nyeupe. "Nyeupe inaningoja," aliwajibu, "ya nini niiwahi?"

Alikuwa na furaha. Naliandika neno hilo kwa chuki kidogo, kwa sababu furaha yake iliniudhi miaka mingi. Alimzika mume, akazika watoto wawili, alikuwa na kashamba kadogo ka mikorosho iliyokwisha kuzeeka, na bado kila alfajiri nilimsikia akicheka peke yake uani akitia udhu kwa maji ya baridi. Siku moja nilimuuliza anacheka nini. Akasema, "Nimeamka, mwalimu. Wangapi nimewaosha walikuwa wanategemea kuamka?" Habari za wale watoto alizimaliza kwa maneno machache: walikuwa wa Mwenyewe, amewachukua, yeye hana kesi. Wakati ule niliona ni imani ya kupigiwa mfano. Baadaye mimi nikawa na kesi, na maneno yale nikayachukia.

Kila Alhamisi jioni nilimpa darasa moja la shule afundishe kina mama kuosha maiti. Mimi nilikuwa chumba cha pili nasahihisha madaftari, na ukuta ulikuwa mwembamba, kwa hiyo nayajua mafunzo yake karibu yote. Maiti hafunuliwi, aliwaambia. Shuka inabaki juu yake mwanzo hadi mwisho. Wawili wanaishika, mmoja anamimina maji yenye majani ya mkunazi, na mwoshaji amejifunga kitambaa mkononi, anaupitisha mkono chini ya shuka. Anayemimina haoni, na wanaoishika shuka hawaoni. "Mkono wangu ndio unaoona," alisema, "na mkono hauna mdomo."

Hiyo ndiyo sitara, na aliifundisha kuliko kitu kingine chochote. Ukiona jema kwa maiti, uso una nuru, viungo ni laini, toka ukawaambie wafiwa wafarijike. Ukiona baya, lizike kabla yake. Anayeficha aibu ya mwenzake duniani, naye atafichiwa yake siku asiyo na pa kujificha. Wanawake waliitikia kwa pamoja, nami nilitikisa kichwa juu ya madaftari yangu.

Aliyekuwa akilala juu ya meza kama maiti wa kufundishia ni mdogo wangu wa kike. Tumbo letu moja, baba amekufa, alikuwa akikaa kwangu na kunipikia. Alhamisi moja usingizi ulimchukua kweli chini ya shuka, akaanza kukoroma, na darasa zima likashindwa kujizuia. Mwoshaji aliendelea kumpitishia kitambaa mkononi bila kukatisha. "Huyu ana haraka ya kupumzika," alisema, "mwacheni, tumalize upande wa kushoto." Mdogo wangu alinisimulia usiku ule huku akicheka hadi machozi.

Nataka niwe mkweli juu ya sitara ile, maana nilipoanza kuichukia nilikuwa nimekwisha kuiona ikifanya mambo makubwa. Miaka ile watu walikuwa wanakufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyetaka kuutaja. Nyumba nyingine ndugu walikimbia maiti wao, wakasimama mbali na kumwelekeza mwoshaji kwa kidole. Yeye aliomba glavu zahanati. Zikiisha alivaa mifuko ya nailoni akaifunga kwa uzi. Aliwaosha wote namna moja, muda uleule, kafuri ileile, akatoka na uso uleule. Hadi leo Nandagala haijui nani alikufa kwa nini, na watoto wa marehemu wale walisoma darasani kwangu bila kunyooshewa kidole.

Kulikuwa na mama mmoja mpika gongo. Alipokufa, wanaume wa msikitini walipata ghafla shughuli nyingi mashambani. Mwoshaji alimwosha na binti wa marehemu tu, wawili peke yao, kisha akaenda akasimama mbele ya msikiti saa ya adhuhuri watu wakitoka. "Nimemaliza kazi ya wanawake," alisema. "Kazi ya wanaume iko pale kitandani, imevikwa sanda. Mkitaka niibebe mie, nitaibeba, ila nitaita majina yenu njia nzima." Walibeba, na mwenye kutangulia alikuwa imamu.

Na alipokufa jirani yake Mkatoliki, masika, barabara imekatika na ndugu zake wako mbali, wanawake wa kigango waliokuja walikuwa wawili, wote wazee. Yeye alikwenda kuchota maji. Hakusoma chochote cha kwake, alimimina tu pale walipomwambia mimina, na wakati wakiimba alikaa mlangoni kimya. Kijana mmoja mhubiri, aliyetoka kusoma mbali, alimjia juu kwa jambo hilo. Kijana huyohuyo alikuwa amemcheka mbele ya watu kwa kisomo chake cha Kurani, maana ulimi wake wa Kimwera uliiweka lamu kila mahali palipotakiwa ra. La jirani alimjibu kwamba maji hayana dhehebu. La kisomo akasema, "Hapo una haki, mwanangu, nifundishe. Ila usinicheke hadharani, nimekuzidi miaka." Kisha akaenda kweli, mwezi mzima, mwanamke mzima na mguu wake mzito, akakaa mkekani na watoto wa madrasa kunyoosha ulimi.

Kwa walio hai hakuwa na sitara hata kidogo. Alimwambia imamu kwamba mdomo wake unanuka tumbaku. Alimwambia bibi harusi mmoja kwamba pilau yao ina mawe, wageni wakisikia. Mimi aliniambia nafundisha vizuri ila ninawapenda mno watoto wenye akili. Ukinuna, alikupiga bega kwa lile limkono lake: "Ukifa nitakuficha. Sasa hivi vumilia." Watu walicheka sana maneno hayo, na mimi nilicheka nao.

Mdogo wangu aliolewa palepale Nandagala, na mimi ndiye niliyekuwa walii wake, niliyepokea barua ya posa na kumwozesha. Bwana yule alikuwa na mikorosho mingi, sauti ya upole na mkono wazi. Mabati ya msikiti aliyatoa yeye. Mwaka uliofuata nikahamishiwa shule ya Nachingwea mjini. Mdogo wangu alinijia huko mara moja, kwa lori la korosho, akaingia ndani, akashusha khanga begani akanionyesha. Niliona. Nilimpa chai, nikampa na subira. Nilimwambia ndoa ni ibada, mwanamke mwenye kuvumilia ana daraja lake, nitazungumza na shemeji. Nikamrudisha kwa lori lilelile. Na kuzungumza sikuzungumza, kwa sababu ilikuwa wiki ya mitihani.

Miezi miwili baadaye, mwaka wa zile mvua kubwa, mtu alikuja shuleni na baiskeli yenye matope hadi kwenye tandiko. Mdogo wangu ameteleza kisimani na ndoo kichwani, amelala siku mbili, amefariki. Nilifika Nandagala wamekwisha kumwosha na kumvika sanda. Mimi ni mwanamume. Hata kama ningefika mapema nisingeingia. Walinifunulia uso tu, pamba puani, harufu ya kafuri, na shemeji akilia kwa sauti kuliko wote.

Nilimfuata mwoshaji nyuma ya nyumba, akinawa. Nikamuuliza ameona nini. Akasema, "Nimeona maiti wa Kiislamu, mwalimu. Mwepesi. Uso wake una nuru, ni kama anacheka." Nikamuuliza tena, mwilini je. Akasema, "Nimekwisha kukujibu." Nikamuuliza mara ya tatu, akafunga khanga yake ya njano kiunoni akaenda zake kusaidia kupika.

Siku ya tatu, kwenye hitma, nilisimama mbele ya watu wazima wa mji ule na kumwambia kwamba mabati yamemziba mdomo. Nilisema kwa sauti ya darasani. Shemeji aliinamisha kichwa kama mtu aliyeonewa, wazee wakanikalisha. Asubuhi yake mwoshaji alinitumia kibakuli cha uji wa mtama na salamu. Niliumwaga uji ule mbele ya aliyeuleta.

Miaka tisa. Nilikuwa namwona kwenye misiba, Ruangwa, Nachingwea, mara mbili sokoni. Kila mara alinisalimia yeye kwanza, na kila mara alikuwa ana furaha, mwanamke ameridhika na Mola wake, na kila aliyesimama naye aliondoka amepona kidogo. Nilimchukia kwa hilo. Ningemwona amekonda kwa siri ile, ningepata unafuu. Niliambiwa kwamba akiomba dua hunitaja kwa jina. Nikasema aache, akasema hilo si juu yangu.

Kisha ikaja simu. Aliyekuwa mwanafunzi wangu alinipigia kutoka Nandagala kunieleza habari kama habari za kawaida: shemeji ameposa, binti wa miaka kumi na minane, mtoto wa yule mama ambaye kwa miaka yote alikuwa mmiminaji wa maji wa mwoshaji. Asubuhi nilipanda gari la mizigo, nikabadilisha Ruangwa, na saa tano nilikuwa barazani kwa mwoshaji.

Alikuwa amezeeka. Macho yameingia ukungu, anapeta choroko kwenye ungo kwa kupapasa. Nikasema shikamoo.

"Marahaba, mwalimu. Umekuja na hasira zako?"

"Nimekuja nazo."

"Basi ziweke hapo, ukae."

"Sikai. Anaoa tena."

"Nimesikia."

"Umesikia, na unapeta choroko."

Aliuweka ungo chini. Nilimwambia yote niliyokuwa nayo kwa miaka tisa. Nilimwambia imani yake ni ya mtu anayetaka kulala vizuri. Nilimwambia kwamba kuna binti anakwenda kuingia nyumba ile akiwa na mbavu nzima, na aliye hai anayejua ni mtu mmoja tu. Kwamba kama asiposema leo, akae na maji yake tayari. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Mie nilifundishwa, ukiona jema sema, ukiona baya nyamaza," alisema. "Nikanyamaza. Na nilifurahi, mwalimu, sikufichi. Niliona nimeitunza amana ya yule mtoto."

"Uliniambia anacheka."

"Nilikwambia uongo. Hakuwa anacheka. Alikuwa amechoka tu."

Nilishika nguzo ya baraza. Sijawahi kutaka kumpiga mwanamke mzee ila siku ile, na ninalisema hili kwa aibu.

"Macho yalipoanza kuniacha nikawa nakaa hapa nawaza," aliendelea. "Aibu ya maiti ni yake, naifunika, sitajuta hadi kaburini. Lakini ile haikuwa yake. Yeye alikuwa na aibu gani? Shuka ilikuwa juu yake, ila niliyemfunika ni mwingine."

"Tangu lini unajua hivyo?"

"Tangu mwaka juzi."

"Mwaka juzi, bibi. Na ukakaa."

"Nikakaa. Nilikuonea haya wewe." Kisha akanigeuzia yale macho yenye ukungu. "Alikuja kwako yule mtoto. Alinieleza. Ulimwambia nini?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nilisema, "Nilimwambia asubiri."

"Basi tulimpa mambo mazuri ya dini yetu. Wewe subira, mie sitara. Akafa nayo."

Alisema bila kunilaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alipapasa ukutani akapata fimbo, akaita mjukuu amletee khanga ya kutokea, akachagua kwa vidole ile nzito, nikaona ni nyekundu. Njiani alinishika mkono. Nilimuuliza kama anajua kwamba baada ya leo hakuna nyumba itakayomwita tena kuosha. Alisema anajua, watasema mwoshaji ametoa siri ya maiti, na kwa nusu watakuwa wamesema kweli. Nilimuuliza, na furaha yako je. Niliuliza kwa ukatili, nilitaka imwume.

"Itaniuma," alisema. "Nitalia, nitaswali, kisha naijua nafsi yangu, itacheka tena. Yangu mie natoa kwa Mwenyewe, mwalimu. Ningekuwa naitoa kwa watu, ningesema siku ileile, uliponiuliza."

Mmiminaji alikuwa uani anatwanga. Alitukaribisha, akaleta mkeka, akamwambia binti akachemshe chai. Mwoshaji alisema chai baadaye, binti abaki. Akaeleza amekuja kwa lipi, kwa maneno mafupi. Yule mama alikataa kwanza. Alisema bwana yule ni mtu wa dini, na kwamba yeye mwenyewe alikuwepo siku ile, alimimina maji ndoo ya kwanza hadi ya mwisho, hakuona kitu.

"Ulimimina," mwoshaji alisema. "Lete mkono."

Aliuchukua mkono wa mmiminaji wake akauingiza chini ya khanga yake mwenyewe, akaubana mbavuni. "Hapa palikuwa pamebonyea," alisema. "Na hapa. Hapa zilikuwa zimeachana, kidole kinaingia. Huku nyuma kuna alama ndefu, moja mbichi, nyingine zimekwisha kupona. Ndoo haipigi mtu mgongoni mara nne." Alikuwa anausogeza mkono ule taratibu, kwa mpangilio wa kuosha, kulia kwanza kisha kushoto. Binti alisimama na sufuria ya chai mkononi. Mimi nilikuwa nasikia kwa mara ya kwanza mdogo wangu alivyokufa, mchana, jua kali, na nililia bila kujifunika.

Mmiminaji aliutoa mkono wake akautazama. Hakulia. Aliingia ndani, tukasikia sanduku linafunguliwa, akarudi na leso nyeupe imekunjwa vizuri, na ndani yake barua ya posa. Nilidhani anampa mwoshaji. Alinipa mimi.

"Mpelekee wewe, mwalimu," alisema. "Ya kwanza uliipokea wewe."

Niliipokea. Nyumba ya shemeji ilikuwa ya nne kutoka pale, bati jipya, mikorosho imepaliwa vizuri. Mwoshaji alitaka kunifuata, nikamwambia apumzike, akanifuata. Shemeji alikuwa barazani na tasbihi yake. Aliinuka akitabasamu, akanikaribisha kwa ile sauti yake ya upole, miaka mingi, mwalimu, umetusahau. Niliweka leso mbele yake juu ya kiti.

Nikamwambia, "Mwoshaji amesema."

Hakuuliza amesema nini.